Nyumba Haigawanyiki, Thamani Yake Inagawanyika

Ukizunguka Temeke, Tandika, Magomeni au Buguruni, hapa Dar es Salaam, utaziona nyumba zilizoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyingine zinaongeza OGOPA MATAPELI. Mgeni hudhani anaonywa dhidi ya wajanja wa mjini. Wenyeji wa mtaa wanajua kwamba aliyeshika brashi mara nyingi ni mtoto wa marehemu, na tapeli anayemwogopa amenyonya ziwa lile lile alilonyonya yeye.

Nimekaa kwenye vikao vya mirathi kama katibu, kwa sababu tu kwetu anayeweza kuchapa muhtasari ni mimi. Si mwanasheria. Lakini nimesikia sentensi moja ikirudi kila kikao, nayo ndiyo chanzo cha ugomvi kuliko uchoyo wa mtu yeyote: "Mzee alisema nyumba ni ya watoto wake wote." Sentensi tamu, na haina maana. Nyumba haiwi ya watu sita kwa pamoja kwa sababu tu wote wana ubini mmoja. Kinachoweza kuwafikia wote sita ni thamani yake, na thamani hufika kwa njia tatu au nne hivi: kuuza, kupangisha, mmoja kuwalipa wenzake, au mwenyewe kugawa akiwa hai. Aliyejenga asiposema ni ipi, watoto watachagua, na kila mmoja atachagua yake.

Nianze na baba yangu mkubwa. Nyumba yake ilikuwa Temeke, nyumba yetu ya Kiswahili ile: vyumba sita, korido katikati, uani na choo nyuma. Aliacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Familia ni ya Kiislamu, kwa hiyo hesabu haikuwa na ubishi. Mke akiwa na watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume fungu maradufu ya wa kike. Shehe akapiga hesabu pale pale mkekani: mama mkubwa fungu moja, wavulana mawili mawili, wasichana moja moja. Jumla mafungu manane.

Mafungu manane, vyumba sita. Kimya kikatanda, halafu kaka mkubwa akasema nyumba ya baba haiuzwi.

Basi haikuuzwa. Kaka akahamia vyumba viwili vya mbele, vinne vikapangishwa kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Daftari la kodi nililitunza mimi, kwa hiyo namba hizi nazijua. Vyumba vyote sita vingepangishwa, kwa mwaka ingeingia 3,600,000, fungu moja likawa 450,000. Kaka kwa mafungu yake mawili alistahili 900,000. Vyumba alivyokalia, kama vingekuwa na wapangaji, vina thamani ya 1,200,000. Maana yake hata kama asingegusa senti ya wapangaji, kila mwaka alikuwa anakula 300,000 za wenzake. Na alizigusa. Mama mkubwa, aliyeipikia na kuifagia nyumba ile maisha yake yote, alikuwa anapokea kama 25,000 kwa mwezi, tena kabla ya kutoa fedha za kuvuta choo.

Kaka hakuwa mwizi. Alikuwa anaamini kabisa kwamba anailinda nyumba. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinunua umeme, akaanza kusema yeye ndiye anayelipia nyumba. Kikao kizima kikamsikiliza kwa adabu. Dada yetu wa pili akauliza kama na wapangaji wanaonunua umeme wamekuwa warithi.

Mwishowe iliuzwa. Aliletwa mthamini aliyesajiliwa, si dalali wa kijiweni anayekupa bei kwa kutazama paa. Baada ya madeni na gharama zikabaki milioni 140. Fungu moja likawa milioni 17 na nusu. Kila msichana akapata hizo, kila mvulana milioni 35, na mama mkubwa naye milioni 17 na nusu. Kwa fedha hiyo hununui nyumba Temeke. Alipata kiwanja Chanika, akahamia kwa binti yake kusubiri tofali.

Hapa ndipo roho yangu inapogoma, na sigombani na Qur'ani. Nagombana na hati. Nyumba ile mama mkubwa aliijenga naye. Mabati ya mwanzo yalinunuliwa kwa fedha za maandazi, na mtaa mzima unajua. Lakini hati ilikuwa na jina moja. Kama wangeiandikisha kwa majina mawili, kila mmoja na nusu yake, mirathi ingehusu nusu ya marehemu peke yake. Milioni 70 zingekuwa zake hata kabla shehe hajafungua mdomo. Thumni ya zile 70 nyingine ni milioni 8 na laki saba na nusu. Jumla milioni 78.75 badala ya 17.5, na hakuna aya iliyoguswa. Urithi ni wa mali ya marehemu, na nusu ile haikuwa mali ya marehemu.

Mjane anaweza kudai kilicho chake kabla ya mirathi kugawanywa hata kama jina lake halimo kwenye hati. Msingi wa kudai upo: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa mke, na katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka, si mirathi, lakini hoja ni ya aina moja. Tatizo ni kwamba kwenye matanga nani atamwambia mama mwenye eda asimame kudai mabati? Aliye hai aandike majina mawili, kazi imekwisha.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa namna mbili za kumiliki pamoja, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile ambayo kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifa fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake. Ya pili ni umiliki usio na mafungu, ambao akifa mmoja nyumba yote inabaki kwa aliye hai. Hii ya pili ni ya wanandoa. Kwa mume na mke wasiotaka mwenzao ahangaishwe ni njia rahisi kuliko wosia wowote, ingawa katika familia za Kiislamu warithi wengine wanaweza kuibishia, ndiyo maana kwa mama mkubwa ningechagua ile ya mafungu. Ila usimwandikishe mtoto kwenye hati kwa kukurupuka ukidhani umerahisisha. Siku ukitaka kuuza utahitaji sahihi yake, na huenda siku hiyo mwenzio yuko Muscat na hapokei simu.

Kwa Wakristo na wale wanaofuata mila, nyumba ile ile ingegawanyika tofauti kabisa, na watu wengi hawalijui hilo mpaka wafike mahakamani. Tanzania haina sheria moja ya mirathi. Kuna ya Kiislamu, kuna ya kimila iliyoandikwa katika tangazo la serikali namba 436 la 1963, na kuna sheria ya India ya 1865, ndiyo, ya Wahindi chini ya Mwingereza, ambayo bado inatumika hapa kwa wasioishi kimila wala Kiislamu. Chukua milioni 140 zile zile na watoto watano wale wale. Kwa sheria ya 1865 mjane anapata theluthi, kama milioni 46 na laki saba, na watoto wanagawana sawa kinachobaki, kila mmoja kama milioni 18 na laki saba, msichana na mvulana bila tofauti. Kwa tangazo la 1963, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa ana daraja la juu, wavulana wengine wanamfuata, wasichana wanashika mkia, na mjane hana fungu: fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania kwamba kanuni hizo zinawabagua wajane, baada ya wajane wawili kufikisha malalamiko huko.

Na ipi itatumika kwako? Mahakama inaangalia ulivyoishi na ulichoonyesha kutaka. Mkristo mwenye nyumba Kinondoni anayekwenda kijijini Krismasi tu, halafu ndugu wanafungua mirathi yake Mahakama ya Mwanzo, mahakama inayosikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu: nimeona shauri la namna hiyo likianza upya baada ya miaka, kwa sababu lilifunguliwa mlango usio wake. Wosia ulioandikwa unafunga mjadala huo karibu wote.

Basi tuje kwenye wosia. Kwa asiye Mwislamu ndiyo silaha kubwa, na hauhitaji lugha ya kutisha. Unahitaji tarehe, sahihi, mashahidi ambao wenyewe hawarithi, na mtu aliyetajwa kuusimamia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuuandika na wanauhifadhi, na ni pazuri kuliko chini ya godoro. Lakini wosia mwingi niliousikia ukisomwa una ugonjwa ule ule: "Nyumba ya Tabata nawaachia watoto wangu wanne." Halafu? Andika kinachofuata. Iuzwe ndani ya muda gani, nani atafutwe kuthamini, yupi ana nafasi ya kwanza kununua na kwa bei gani, mama yao atakaa humo mpaka lini. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mirathi iliyoanza kutumika 1981 ambayo, pasipokuwa na wosia na pakiwa na watoto, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuitumia mali maisha yake yote, watoto wakisubiri zamu yao. Waislamu wa huko wana njia yao ya Kadhi. Huku kwetu haki hiyo ukitaka mkeo awe nayo, iandike wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Kwa Mwislamu wasia una mpaka wake: theluthi, na asipewe mrithi isipokuwa warithi wenzake wakubali. Watu husikia hapo wakaishia kusema basi wasia hauna kazi. Una kazi kubwa. Kazi yake ni wale ambao mafungu hayawafikii. Mjukuu aliyefiwa na baba huku baba zake wadogo wako hai harithi kitu kwa babu. Mtoto wa kulea harithi. Mtoto wa nje ya ndoa, yule anayejitokeza siku ya tatu ya matanga akiwa ameshikwa mkono na mama yake na watu wote wanaona anafanana na marehemu kuanzia kipaji cha uso, harithi kwa baba. Theluthi iliwekewa mahali pake hapo hapo. Katika nyumba ya milioni 140 theluthi ni zaidi ya milioni 46. Mzee mmoja wa mtaa wetu alimwandikia mjukuu wake yatima robo ya nyumba, na ndugu waliokuja na hasira waliondoka wamenywea, maana shehe waliyemleta wao wenyewe ndiye aliyesema robo haijafika theluthi.

Hiba nayo inasifiwa sana, hasa na mtoto anayetarajia kupewa. Mzazi anagawa akiwa hai, hakuna mirathi, hakuna kikao. Ni kweli. Lakini hiba isiyokabidhiwa ni maneno ya barazani tu. Kama ulimpa binti yako nyumba kwa mdomo, ukaendelea kuishi humo, ukachukua kodi wewe, na hati ikabaki na jina lako, siku ukifa ndugu zake wataihesabu kwenye mirathi na wana hoja. Na ukikabidhi kweli, ukabadilisha hati, tambua umekuwa mgeni kwa mwanao. Wapo wazee waliohamishiwa chumba cha uani katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao. Mimi hiba ya nyumba anayoishi mzazi siipendi. Kama una nyumba ya pili, au kiwanja, toa hicho, na usimpe mmoja ukawaacha wengine.

Kuuza ukiwa hai watu hawataki hata kulisikia, na naliona lina akili kuliko yote kwa wenye nyumba kuukuu katikati ya mji. Magomeni au Ilala mnunuzi hanunui kuta zako, ananunua ardhi. Atavunja wiki ijayo. Mzee na bibi wanaoishi vyumba viwili kati ya sita wanaweza kuuza, wakajenga ndogo yenye choo cha ndani pembeni ya mji, wakabaki na fedha ya matibabu, na watoto wakapewa chao mkononi mzazi akiona. Ubaya wake ni kuondoka mtaani ulikozikia watu wako, na fedha taslimu zina miguu. Kodi nayo ipo. Tanzania haina kodi ya urithi, lakini mkaazi akiuza nyumba, faida hutozwa asilimia 10, na kuna msamaha kwa nyumba uliyoishi mwenyewe angalau miaka mitatu endapo faida haizidi milioni 15. Kabla ya kushika fedha ya mnunuzi, ulizia TRA, mamlaka ya mapato.

Wakfu nitapita haraka. Zanzibar, Mji Mkongwe, ziko nyumba zilizowekwa wakfu kwa kizazi cha mwenyewe: haiuzwi milele, mapato ndiyo yanayogawanywa, na iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mambo hayo. Kwa vizazi viwili inapendeza. Kizazi cha nne warithi ni wengi mpaka gawio halitoshi nauli ya daladala, na hakuna wa kuchangia chokaa. Kampuni ya familia au udhamini uliosajiliwa unafaa mwenye majengo kadhaa na mhasibu. Nyumba moja ya Tandika haihitaji bodi ya wadhamini.

Njia yoyote utakayochagua, jina la kwanza litakaloandikwa baada ya kifo chako si la mrithi. Ni la msimamizi wa mirathi. Familia hukaa kikao, muhtasari unaandikwa, shauri linafunguliwa pamoja na cheti cha kifo, tangazo linatoka, mahakama inateua. Akiteuliwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Kwenye hati anaandikishwa yeye kwanza, kama msimamizi, ndipo ahamishe kwa warithi au kwa mnunuzi. Wengi wanaishia hapo katikati. Miaka 10 baadaye hati bado ina jina la msimamizi, naye ameanza kuamini kwamba ni yake.

Anaweza hata kuiuza. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba msimamizi hahitaji ridhaa ya kila mrithi ili auze mali ya marehemu. Kwa hiyo mnapomchagua msimamizi, msimchague kwa sababu ndiye mkubwa au ndiye anayelia sana. Mchagueni anayeweza kuonyesha daftari. Na mkitaka wawe wawili, inaruhusiwa.

Hayo yote yalimfikia mama yangu kwa njia ya umbea wa kifamilia, si kwa ushauri wangu. Mirathi ya baba ilikwisha zamani na nyumba ya Mbagala iko kwa jina lake peke yake. Baada ya Idi iliyopita alituita, akasema anataka mambo mawili. Kwanza wasia: fungu kwa binti wa marehemu kaka yetu, kwa sababu sisi wengine tukiwa hai mtoto yule hapati kitu. Pili, makubaliano yetu sisi watoto: akifa, nyumba ithaminiwe, anayetaka kuinunua awalipe wenzake kwa bei ya mthamini ndani ya mwaka mmoja, asipopatikana iuzwe kwa yeyote.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye bado anaishi humo, alisema huo ni uchuro, kumzungumzia mama kifo akiwa anakula pilau. Mama akamwambia uchuro ni kumwachia dada yako madaftari. Wasia umeshapelekwa RITA, maana sahihi yetu haihitajiki pale kwenye theluthi. Makubaliano bado. Mdogo wangu anataka miaka miwili badala ya mmoja, na anataka mthamini aje sasa hivi ili ajue anatafuta kiasi gani. La mthamini mama amelikubali, anakuja mwezi ujao kwa gharama zake mama. La miaka miwili amelikataa, na wote wawili wana kichwa kimoja, kwa hiyo sijaliandika kwenye muhtasari.